GARI LA UMEME LAPIMWA KWENYE MLIMA WA MUDENDE

Na Afisa wa Uhusiano wa Jeshi

Asubuhi moja, kabla ukungu haujaondoka juu ya mashamba ya viazi ya Mudende, mzee mmoja msafirishaji wa maziwa alinisimamisha kando ya barabara akaniuliza swali ambalo sikuwa na jawabu lake.

"Afande," alisema, "mwanangu aliyeko Kigali ananihimiza niuze pikapu yangu ya dizeli ninunue gari la umeme. Anasema dunia yote inahamia huko. Nyinyi mliosoma mnasemaje?"

Nilimjibu, "Mzee wangu, nipe siku chache nifanye hesabu, kisha nitakuletea jawabu." Makala haya ndiyo jawabu lenyewe. Na kwa kuwa swali la mzee huyu ni swali la wengi, nimeona haifai limfikie yeye peke yake.

Pikapu yenyewe ni kuukuu. Hata hivyo ndiyo inayolipa ada za watoto wake, na majirani kadhaa wasio na chombo humtegemea yeye awafikishie maziwa yao mjini Gisenyi kabla hayajaharibika. Akikosea katika uamuzi wake hataumia peke yake. Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Lakini hawakutukataza kuutazama msala huo, kuushika na kuupima, ili tujue kama kweli ni bora kuliko mbachao tuliokwisha kuuzoea.

SI CHOMBO KIGENI

Wako wanaodhani kwamba gari la umeme ni uvumbuzi wa juzi. Sivyo hata kidogo. Gari la kwanza duniani kuvuka mwendo wa kilomita 100 kwa saa lilikuwa la umeme, nalo liliendeshwa na Mbelgiji Camille Jenatzy nchini Ufaransa mwaka 1899. Wakati huo magari ya umeme, ya mvuke na ya petroli yalikuwa yakishindana bila mtu kujua ni lipi litakaloshinda.

Petroli ilishinda kwa sababu tatu. Ilikuwa rahisi kwa bei; ilibeba nguvu nyingi katika tangi dogo; na baada ya mwaka 1912 magari yake yalianza kuwashwa kwa swichi badala ya kuzungushwa kwa mkono. Betri za risasi za zama hizo zilikuwa nzito mno na zilikwisha upesi. Hali ilianza kubadilika mwaka 1991, pale betri za lithiamu zilipoanza kuuzwa madukani. Betri hizo ni nyepesi na hubeba nguvu nyingi, na wanasayansi watatu waliozivumbua, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019.

Katika mwaka huo huo wa 2019 nchi yetu nayo iliingia katika safari hii. Mwezi Oktoba kampuni za Volkswagen na Siemens zilianzisha majaribio mjini Kigali kwa magari manne aina ya e-Golf na kituo kimoja cha kuchajia. Pikipiki za umeme za kampuni ya Ampersand zilikuwa zimekwisha kuanza kubeba abiria, na mwishoni mwa mwaka 2023 mabasi ya umeme nayo yakaonekana katika barabara za mji mkuu. Mwezi Aprili 2021 Serikali iliamua kuyaondolea magari ya umeme, vipuri vyake na betri zake ushuru na kodi kadhaa, na kuviuzia vituo vya kuchajia umeme kwa bei ya viwanda. Tangu Januari 2025 pikipiki mpya za biashara ya abiria mjini Kigali huandikishwa iwapo tu ni za umeme.

Hayo yote ni mema. Lakini hapana budi tukumbuke kwamba sehemu kubwa yake imefanyika Kigali, penye lami, mafundi na vituo. Mudende si Kigali. Huku juu ni nchi ya ng'ombe na viazi, ya mawe meusi ya volkano, ya mvua nyingi na barabara za kupanda. Chombo kinachosifiwa mjini hakina budi kupimwa upya mlimani.

MAFUTA YA MBALI, UMEME WA KARIBU

Katika chuo cha maafisa kila mwanafunzi hufundishwa kwamba kikosi huweza kuwa na askari hodari na silaha nzuri, kisha kikashindwa kwa sababu tu njia yake ya kuletewa chakula na mafuta ni ndefu na adui ameikata. Somo hilo linafaa pia katika maisha ya raia.

Kila lita ya dizeli inayochomwa na pikapu ya mzee wetu imeshushwa katika bandari ya Dar es Salaam au ya Mombasa, ikasafirishwa kwa malori zaidi ya kilomita elfu moja, ikavuka mipaka, ndipo ikafika Rubavu. Njia hiyo ikitikisika, sisi tulio mwisho wake ndio tunaoumia. Mwezi Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya ziliifunga njia ya Mombasa, na mafuta yakaadimika Uganda, Rwanda na Burundi, ilhali hatukuhusika na uchaguzi ule. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya mafuta duniani, lita ya petroli nchini kwetu ilifika faranga 1,609 mwezi Agosti. Mkulima wa Mudende alilipia vita vilivyopiganwa katika nchi asiyoijua.

Sasa tuutazame umeme. Kutoka vilima vya Mudende, siku ya anga safi, mtu huliona Ziwa Kivu likimeta chini. Ndani ya ziwa hilo, katika kina cha mamia ya mita, imejificha gesi ya methani inayokadiriwa kufikia mita za ujazo bilioni 60. Kiwanda cha bia cha Gisenyi kilianza kuichoma gesi hiyo katika tanuri zake tangu mwaka 1963. Hivi leo inazalisha umeme: mabomba huyavuta maji ya kina kirefu kuelekea juu, mgandamizo hupungua, gesi hufoka kama soda iliyofunguliwa, nayo husafishwa na kupelekwa kwenye mitambo. Mtambo wa KivuWatt ulioko Karongi una uwezo wa megawati 26, na ule wa Shema Power Lake Kivu, ulioko humu humu Rubavu, ulijengwa kwa shabaha ya megawati 56. Zaidi ya hayo uko umeme wa maji. Kituo kidogo cha Gisenyi kimekuwapo tangu mwaka 1957.

Hii ndiyo faida kubwa ya kwanza. Mwenye gari la umeme katika wilaya yetu hupata nguvu iliyozalishwa karibu na nyumbani kwake, na fedha anazolipa hubaki nchini kwa kiasi kikubwa zaidi. Sisemi kwamba umeme wetu wote ni safi. Gesi ikichomwa hutoa hewa ya ukaa, na nchi hutumia pia nyasi mboji na dizeli katika baadhi ya mitambo. Hata hivyo gari la umeme halitoi moshi wowote barabarani. Na mama anayeuza ndizi kando ya stendi ya mabasi analijua zaidi yetu thamani ya jambo hilo.

MLIMA UNAOREJESHA NGUVU

Faida ya pili inatokana na mlima wenyewe, na hapa ndipo hesabu ilipotushangaza.

Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Mudende inapita mita 2,000. Injini ya petroli ya kawaida huhitaji hewa ili kuchoma mafuta, na hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda. Kwa kila mita elfu moja injini hiyo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, isipokuwa ikiwa na turbo. Kwa hiyo hapa Mudende imekwisha kupoteza karibu sehemu moja ya tano kabla dereva hajabadili gia. Mota ya umeme haivuti hewa, wala haijui kama iko pwani au kileleni. Tena nguvu zake zote za kuvuta hupatikana tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, jambo linalofaa sana penye matope na mwinuko.

Kupanda kuna gharama, bila shaka. Gari la tani moja na nusu huhitaji karibu nusu yuniti ya umeme kwa kila mita 100 za kwenda juu. Lakini linapoteremka, dereva akiondoa mguu kwenye kichapuzi, mota hugeuka kuwa jenereta: huyazuia magurudumu na papo hapo huirudishia betri sehemu kubwa ya nguvu ile. Gari la dizeli katika mteremko huo huo hurejesha moto mtupu kwenye breki, na kila dereva wa njia ya Mudende anajua ni mara ngapi amebadilisha pedi zake.

Nchini Uswisi, tangu mwaka 2018, wamekuwa na lori kubwa la umeme linaloshuka kutoka machimboni limejaa mawe ya kutengenezea saruji na kupanda likiwa tupu. Kwa kuwa hushuka likiwa zito na kupanda likiwa jepesi, mteremko hulirudishia karibu nguvu zote linazohitaji kupandia. Je, mzee wetu anafanya nini kila asubuhi? Hushuka Gisenyi na mzigo wa maziwa, akapanda na vyombo vitupu. Ni kweli kwamba siku nyingine hurudi na mbolea au mabati, na gari lake si lori la Uswisi. Lakini kanuni ni ile ile. Wakazi wa milimani, tuliozoea kuambiwa kwamba jiografia imetunyima, tunao mlima unaoweza kufanya kazi kwa faida yetu.

Tahadhari moja haina budi kutajwa hapa. Betri iliyojaa pomoni haina nafasi ya kupokea nguvu ya mteremko, na uzuiaji ule wa mota hupungua. Dereva anayelala Mudende asiijaze betri yake hadi juu kabisa kabla ya kushuka; aiachie nafasi, na breki zake aziweke tayari.

HESABU YA MFUKO

Tuchukue bei za Agosti 2022. Gari dogo linalotumia lita 8 za petroli kwa kilomita 100 lilimgharimu mwenyewe faranga 12,872. Gari la umeme la ukubwa huo hutumia takriban yuniti 18. Wakati huo yuniti ya nyumbani, kwa anayetumia zaidi ya 50 kwa mwezi, ilikuwa faranga 249 kabla ya kodi; hivyo safari hiyo hiyo, pamoja na kodi, iligharimu kama faranga 5,300. Bei hizo hubadilika, na kila mmoja afanye hesabu kwa bei za siku anayonunua. Lakini tofauti ya namna hiyo haifutiki kwa urahisi.

Kwa upande wa matengenezo, gari la umeme halina oili ya injini, plagi, klachi wala ekzosi. Vitu vichache huharibika kwa sababu vitu vichache vimo.

KIZURI HAKIKOSI ILA

Baada ya kusema hayo, haki inatutaka tueleze kasoro bila kuzifunika.

Kasoro ya kwanza ni bei ya kununulia. Hata baada ya kusamehewa kodi, gari jipya la umeme liko mbali na uwezo wa mfugaji wa kawaida. Hapo ndipo hujitokeza kishawishi cha kununua kuukuu kutoka ng'ambo. Tuwe macho! Katika gari kuukuu la petroli mtu husikiliza injini. Katika gari kuukuu la umeme, mali yenyewe ni betri, nayo huzeeka kimya kimya. Baadhi ya magari ya kwanza kwanza ya aina hii, kama Nissan Leaf iliyotoka mwaka 2010, yalikuwa na betri ndogo isiyopozwa kwa maji, na mengi ya umri huo yamepoteza sehemu kubwa ya uwezo wake. Anayenunua bila kupima betri amenunua sanduku bila kulifungua.

Kasoro ya pili ni muda. Tangi la dizeli hujazwa kwa dakika tano. Gari aina ya e-Golf, lenye betri ya yuniti 36, likichajiwa kwa soketi ya kawaida ya nyumbani huhitaji zaidi ya saa 15 kutoka tupu hadi kujaa. Kituo chenye mtambo mkubwa huweza kulifikisha asilimia 80 kwa muda wa chini ya saa moja; lakini kituo hicho lazima kiwepo, na kiwe na umeme. Kutoka Kigali hadi Gisenyi kwa njia ya Musanze ni takriban kilomita 155 za kupanda na kushuka. Gari hilo, ambalo kwa vipimo vya Ulaya huenda kama kilomita 230, litafika. Lakini halitarudi Kigali bila kuchajiwa.

Kasoro ya tatu ni ile ambayo askari huiona kabla ya raia. Gari lililoishiwa dizeli porini huokolewa na kijana mwenye dumu. Umeme haubebwi kwa dumu. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka, maelfu ya watu wa Goma walivuka mpaka kuingia Rubavu, na kwa siku kadhaa ardhi ilitetemeka hata barabara na nyumba zikapasuka. Mwezi Mei 2023 mvua kubwa na mafuriko ya mto Sebeya na mito mingine viliua zaidi ya watu 130 katika Majimbo ya Magharibi, Kaskazini na Kusini, na maporomoko yakafunga barabara. Katika wilaya kama hii, chombo cha dharura hakina budi kuwa tayari saa zote, na mwenye gari la umeme aliyelala na betri tupu hana la kufanya. Ni kweli kwamba hata pampu ya petroli hutumia umeme. Lakini tangi lililojazwa jana halikumbuki kwamba umeme umekatika leo.

Kasoro ya nne ni mafundi. Betri ya gari huwa na nguvu ya volti mia kadhaa, inayoweza kuua. Fundi wetu wa kijijini, ambaye huweza kuifungua injini ya dizeli gizani akairudisha, hana vifaa wala mafunzo ya kazi hiyo. Betri ikishika moto huhitaji maji mengi mno kuuzima, na gari lililozama mafurikoni halifai kuwashwa kabla mjuzi hajalikagua.

Yako pia mambo ya taifa zima. Betri nyingi hutumia kobalti, ambayo sehemu yake kubwa duniani huchimbwa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakati mwingine kwa mikono ya watu maskini wanaofukua ardhi bila kinga; ingawa ziko betri za chuma na fosfeti zisizohitaji kobalti kabisa. Tena, Mfuko wa Matengenezo ya Barabara hupata fedha kutokana na tozo ya mafuta. Magari yakiacha kununua mafuta, barabara zitatengenezwa kwa fedha gani? Swali hilo linahitaji jawabu mapema, kabla mashimo hayajalijibu.

MASWALI MATATU

Baada ya kuyapima yote hayo, nimeona kwamba anayetaka kuhama hana haja ya kusikiliza kelele za wauzaji wala za wapinzani. Ajiulize maswali matatu tu. Gari litalala wapi, na je, pana umeme wa kutegemewa? Kwa siku litakwenda umbali gani? Na likiharibika, nani atalitengeneza?

Mzee wetu hulala na pikapu yake uani kwake, na umeme anao. Kwa hesabu yake mwenyewe safari zake hazipiti kilomita 60 kwa siku, umbali ambao pikapu ya umeme ingeweza kurudishiwa chaji yake kwa usiku mmoja, hata kwa soketi ya kawaida, mradi nyaya za nyumba zikaguliwe kwanza. Amefaulu maswali mawili. La tatu limemwangusha: fundi aliye karibu hayupo, na bei ya gari jipya inazidi mali yake yote.

Kwa hiyo jawabu langu kwake ni hili. Mzee wangu, usiuze pikapu yako mwaka huu, na gari kuukuu la umeme usilinunue kwa maneno ya dalali. Lakini mdogo wa mwanao anayetaka kuanza kazi ya pikipiki, atazame kwanza ya umeme, iwapo mahali pa kubadilishia betri pamefika katika njia zake, maana kwake hasara ni ndogo na faida ni ya kila siku. Nawe kaa na wafugaji wenzako katika ushirika wenu. Gari moja la umeme la kushusha maziwa ya wote, lililonunuliwa kwa pamoja, lenye njia inayojulikana na mahali pake pa kuchajia, lina maana kuliko magari kumi ya watu kumi wenye madeni.

Kwa viongozi wetu na kwa makampuni nasema hivi: vituo vya kuchajia visiishie mijini. Kimoja kikiwekwa huku juu, karibu na mahali maziwa yanapokusanywa, kitawafaa wananchi wengi. Vyuo vya ufundi vya Jimbo la Magharibi viwafundishe vijana kazi ya betri na mota sasa, kabla magari hayajawa mengi. Na kila gari kuukuu la umeme linaloingizwa nchini lipimwe betri, na cheti apewe mnunuzi.

Nilipompelekea mzee jawabu hili alilisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa. "Basi, Afande," alisema, "pikapu itaendelea kushuka. Lakini Jumapili, kwenye mkutano wa ushirika, nitaomba nafasi ya kusema." Kisha akawasha dizeli yake, akaanza kuteremka polepole kuelekea ziwani, mguu wake ukiwa juu ya breki.